Hukumu ya Siku ya Mwisho: Imani za Wakristo katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Ni mafundisho machache ya Kikristo yanayosikika mara kwa mara katika mji wa Nakuru na viunga vyake kama fundisho la hukumu ya mwisho. Huhubiriwa makanisani na viwanjani, hutajwa katika mazishi, na huandikwa hata migongoni mwa matatu. Kwa waumini wengi fundisho hilo ni faraja na onyo kwa pamoja. Hata hivyo, historia ya Afrika Mashariki imeonyesha kwamba fundisho lilo hilo, likishikwa vibaya, laweza kugeuka mtego wa kuangamiza familia nzima.

Makala haya yanaeleza kiini cha imani hiyo, tofauti zilizopo baina ya madhehebu, jinsi ilivyoenea katika Bonde la Ufa la kati, na mahali ambapo kungoja kwa imani hutengana na upotovu.

Maana ya hukumu

Wakristo karibu wote hukiri kwamba Yesu Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Ungamo hilo limo katika Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, ambazo hutamkwa na Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri na wengineo katika ibada zao.

Wasemaji wa Kiswahili huiita siku hiyo kiyama au kiama, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kusimama na kufufuka, na ambalo Waislamu na Wakristo hulitumia kwa pamoja. Kwa sadfa, Wakikuyu, ambao ni wengi Nakuru, nao wana neno kiama katika lugha yao, ambalo maana yake ni baraza la wazee la kuamua kesi. Maneno hayo mawili hayana nasaba, lakini yote mawili humkumbusha msikilizaji jambo moja: kuna siku ya kusimama mbele ya mwamuzi.

Msingi wa Biblia

Fundisho hili limejengwa juu ya sehemu kadhaa za Maandiko. Katika Agano la Kale, nabii Amosi aliwaonya watu waliokuwa wakiitamani siku ya Bwana kwamba siku hiyo kwao ingekuwa giza, kwa sababu walikuwa wakiwadhulumu maskini. Kitabu cha Danieli, sura ya 12, husimulia kufufuka kwa waliolala mavumbini, wengine kwa uzima na wengine kwa aibu.

Katika Agano Jipya, Injili ya Mathayo, sura ya 25, inatoa picha ya mfalme akiwatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Kipimo chake si maneno ya mdomoni, bali jinsi kila mmoja alivyomtendea mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Picha hiyo haihitaji kufafanuliwa sana kwa wafugaji wa Bonde la Ufa, ambao huchunga mbuzi na kondoo katika kundi moja na kuwatenganisha jioni.

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, anataja waumini kunyakuliwa mawinguni kumlaki Bwana. Kitabu cha Ufunuo kinaongeza mnyama mwenye hesabu ya 666, vita vya Harumagedoni, utawala wa miaka elfu moja, na kiti cheupe cha enzi ambapo vitabu hufunguliwa na wafu kuhukumiwa kwa matendo yao.

Kuna onyo moja ambalo madhehebu makuu yote hulikazia. Katika Mathayo 24 Yesu anasema kuwa siku na saa hiyo haijulikani na mtu yeyote, wala malaika, ila Baba peke yake.

Tofauti za madhehebu

Ingawa kiini ni kimoja, maelezo hutofautiana. Kanisa Katoliki hufundisha hukumu mbili. Ya kwanza ni hukumu ya binafsi, ambayo kila mtu huipata mara afapo. Ya pili ni hukumu ya mwisho, itakayowakusanya wote Kristo arudipo. Wale waliokufa katika neema lakini bado hawajatakasika hupitia toharani, na ndiyo maana Wakatoliki huwaombea marehemu, hususan tarehe 2 Novemba. Jumapili za mwisho wa mwaka wa liturujia na za kwanza za Majilio huwa na masomo yahusuyo kurudi kwa Bwana.

Waanglikana na Wapresbiteri aghalabu huikazia hukumu bila kupanga ratiba ya matukio. Wengi wao huichukua miaka elfu ya Ufunuo kuwa lugha ya mafumbo.

Makanisa mengi ya kiinjilisti na ya Kipentekoste hushika mpangilio wa matukio: unyakuo wa kanisa, dhiki kuu ya miaka saba chini ya Mpinga Kristo, kurudi kwa Kristo, utawala wa miaka elfu, na hatimaye hukumu. Ni mpangilio huu unaosikika zaidi katika mikutano ya injili mjini Nakuru.

Waadventista wa Sabato wana fundisho lao la pekee. Chimbuko lake ni mhubiri Mmarekani William Miller, ambaye wafuasi wake walitarajia Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ilipopita bila tukio, wengi walivunjika moyo na kuondoka. Waliobaki walifundisha kuwa tarehe hiyo ilikuwa mwanzo wa kazi ya uchunguzi katika hekalu la mbinguni, ambapo vitabu vya matendo ya waumini hupekuliwa kabla ya Kristo kurudi. Kanisa hilo, lililoanza kazi Kenya mwaka wa 1906, halitaji tarehe ya mwisho wa dunia.

Jinsi mafundisho yalivyofika Bonde la Ufa

Misheni ya Africa Inland, iliyoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka wa 1895, ilihamishia makao yake Kijabe mwaka wa 1903, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Wamishenari wake walitoka katika mkondo wa kiinjilisti wa Marekani uliosisitiza kwamba Kristo atarudi kabla ya miaka elfu. Kutoka Kijabe mafundisho hayo yalisambaa kwa shule, hospitali na wahubiri Waafrika hadi miongoni mwa Wakikuyu, Wamaasai na Wakalenjin.

Mkondo wa pili ulichipuka miongoni mwa Waafrika wenyewe. Katika miaka ya 1920 kulizuka katika nchi ya Wakikuyu vikundi vya manabii, Arathi, ambao baadaye walijulikana sana kama Wakorino. Waliota ndoto, waliomba kwa mikono iliyoinuliwa, na walitangaza kuwa Mungu yu karibu kuwahukumu wadhalimu. Serikali ya kikoloni iliwashuku. Mwezi Februari mwaka wa 1934, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watatu kati yao katika msitu wa Ndarugu. Leo Wakorino, wanaotambulika kwa vilemba vyao, ni wengi katika kaunti za Nakuru, Nyandarua na Laikipia.

Mkondo wa tatu ni Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwishoni mwa mwongo huo. Waumini wake, waliojiita waliookoka, walisisitiza kuungama dhambi hadharani na kutembea katika nuru, kwa kuwa hakuna litakalofichwa siku ile. Baada yao yakaja makanisa ya Kipentekoste, ambayo kuanzia miaka ya 1970 yaliongezeka kwa kasi katika miji ya Bonde la Ufa.

Nakuru na wito wa toba

Katika karne hii ya 21 jina la Nakuru limefungamana mno na Huduma ya Toba na Utakatifu inayoongozwa na Dkt David Owuor, mwanasayansi aliyegeuka mhubiri na kuanza huduma yake nchini katikati ya miaka ya 2000. Ujumbe wake mkuu ni kwamba Masihi yu karibu, na kwamba kanisa na taifa havina budi kutubu. Mikutano yake katika uwanja wa Menengai mjini Nakuru imekuwa ikiwavuta maelfu ya watu kutoka pande zote za nchi na ng'ambo, na kituo cha redio cha huduma hiyo hurusha matangazo yake kutoka mji huo huo. Kabla ya mikutano hiyo, wafuasi wamewahi kuonekana wakifagia na hata kuosha barabara kwa maji na sabuni.

Wafuasi wake humwona kuwa nabii mkuu, na wapo wanaomhusisha na mashahidi wawili wanaotajwa katika Ufunuo, sura ya 11. Baadhi ya viongozi wa makanisa mengine wamepinga vikali madai hayo, wakisema kwamba cheo kama hicho humweka mwanadamu mahali pasipomfaa. Mjadala huo umeendelea kwa miaka mingi na haujatamatika.

Juu ya mji huo kuna kreta ya Menengai, shimo la volkano lenye upana wa takriban kilomita 12. Wakikuyu waliliita mlima wa mizimu, na masimulizi ya Wamaasai hulihusisha na vita vya karne ya 19 ambapo mashujaa wa Ilaikipiak waliangamia humo. Mvuke hutoka ardhini hadi leo, na tangu mwaka wa 2011 umekuwa ukichimbuliwa kwa ajili ya umeme. Katika mapango ya kreta hiyo hiyo, waumini wa madhehebu mbalimbali huenda kufunga na kuomba kwa siku kadhaa. Pahala palipoogopwa kwa ajili ya mizimu pamegeuzwa pahala pa toba.

Ardhi inayopasuka

Bonde la Ufa ni nchi ambayo ardhi yake yenyewe haitulii, na wahubiri hawajaacha kuitaja. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulitokea karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wanajiolojia walijadili kama ni mwendo wa matabaka ya dunia au ni mmomonyoko wa majivu ya volkano uliosababishwa na mvua. Wapo waumini walioiona kuwa ishara ya nyakati za mwisho.

Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la Patel huko Solai lilipasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko ya ghafla yaliwaua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu. Aidha, tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa Nakuru, Naivasha na Baringo yamepanda na kufunika mashamba, nyumba na shule.

Je, majanga kama hayo ni hukumu ya Mungu juu ya waliokumbwa? Wanatheolojia wengi hujibu kwa kurejelea Injili ya Luka, sura ya 13. Humo Yesu anaulizwa kuhusu watu waliouawa kikatili, naye anataja wengine 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakana waziwazi kuwa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anawataka wasikilizaji wenyewe watubu. Kwa msingi huo, wafu wa Solai hawawezi kuhesabiwa kuwa wenye dhambi kuliko walionusurika. Tena bwawa hujengwa na mikono ya watu, na kulisingizia mbingu huenda kukawaondolea wanadamu lawama iliyo yao.

Hofu ya ishara huweza pia kugusa mambo ya serikali. Mwaka wa 2019, wakati wa kuandikisha wananchi kwa mpango wa Huduma Namba, baadhi ya Wakristo nchini walikataa, wakidai kuwa nambari hiyo ni alama ya mnyama. Serikali na makanisa kadhaa walilazimika kukanusha.

Hukumu na haki ya duniani

Upande mwingine wa fundisho hili ni matumaini ya waliodhulumiwa. Bonde la Ufa la kati lilishuhudia mapigano ya kikabila mwaka wa 1992 katika sehemu za Molo na Olenguruone, na tena baada ya uchaguzi wa 1997. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka upya, na mwishoni mwa Januari 2008 ziliikumba miji ya Nakuru na Naivasha. Maelfu ya waliotimuliwa makwao waliishi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru.

Katika mapigano ya miaka ya 1990, Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alijulikana kwa kuwakemea hadharani waliochochea umwagaji damu. Kwake, kama kwa nabii Amosi, hukumu ya Mungu haikuwa habari ya siku ya mwisho tu, bali kipimo cha matendo ya watawala wa wakati huo.

Kesi zilizofunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague kuhusu ghasia za 2007 na 2008 zilimalizika bila mshukiwa yeyote kutiwa hatiani. Mwezi Aprili 2016, baada ya kesi ya mwisho kusitishwa, mkutano mkubwa wa maombi ya shukrani ulifanyika katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru. Wengi walifurahi. Lakini kwa waliopoteza wazazi, watoto au mashamba, swali la nani aliyetenda lilibaki bila jibu la mahakama yoyote.

Ni hapa ambapo kauli ya "nimemwachia Mungu" hupata uzito wake. Msemaji hasemi kwamba amesahau. Anasema kuwa kesi yake haijafungwa, imehamishiwa mahakama ya juu zaidi ambapo shahidi hanunuliwi wala faili haipotei. Imani hiyo imewazuia wengi kulipiza kisasi, kwa kuwa kisasi kimeachiwa mwenyewe. Hata hivyo, wahubiri wa haki huonya kwamba kumwachia Mungu kusiwe kisingizio cha viongozi kutowatendea haki walio hai.

Pale tarehe inapotajwa

Hatari huanza pale mtu adaipo kuijua siku. Kundi la House of Yahweh, lenye makao yake Abilene katika jimbo la Texas, Marekani, lilitangaza kupitia kiongozi wake Yisrayl Hawkins kwamba vita vya nyuklia vingeanza tarehe 12 Septemba 2006. Baadhi ya wafuasi wake nchini Kenya walijichimbia mahandaki na kujitayarisha kwa vinyago vya kuzuia gesi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, nayo ikapita kama Jumanne nyingine yoyote. Kiongozi huyo alitaja tarehe nyingine, nazo pia zikapita.

Mahandaki hayo yalizua kicheko, lakini si kila mara mambo huishia hapo. Katika wilaya ya Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, wakiwamo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walifundisha kuwa dunia ingeisha pamoja na mwaka wa 1999. Mwisho haukuja. Waumini waliokuwa wameuza mali zao walianza kuuliza maswali. Tarehe 17 Machi 2000, mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada, na maiti nyingine zikafukuliwa baadaye katika makazi ya kundi hilo.

Nchini Kenya kwenyewe, Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Paul Mackenzie, mhubiri wa Good News International Church, ameshtakiwa pamoja na wenzake kwa mauaji na makosa mengine, kwa madai kwamba wafuasi walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie aliyakana mashtaka. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watoto. Miongoni mwa waliofuata njia ya Shakahola walikuwamo watu waliosafiri kutoka mbali na pwani, wakiwa wameacha kazi na kuuza mashamba.

Sheria na uhuru wa dini

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na ibada. Kifungu cha 53, kwa upande wake, kinamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula na huduma za afya. Mzazi basi ana haki ya kuamini kuwa dunia inakwisha, lakini hana haki ya kumnyima mwanawe shule au chakula kwa sababu hiyo.

Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza usimamizi wa mashirika ya dini. Ripoti yake ilikabidhiwa Julai 2024. Viongozi wa makanisa wamegawanyika kuhusu hatua zifaazo: wengine wanataka kujisimamia wenyewe, wengine wanakiri kuwa kujisimamia huko hakukuwaokoa watoto wa Shakahola.

Kupambanua

Kutokana na visa hivyo, alama za hatari zinajulikana. Ya kwanza ni kutajwa kwa tarehe. Ya pili ni kuwataka waumini wauze mali na kuikabidhi kwa kiongozi. Ya tatu ni kukataza shule na hospitali. Ya nne ni kuwatenga waumini na jamaa zao. Ya tano, ambayo huzaa zote, ni neno la mtu mmoja kuwekwa mahali pasipoweza kuulizwa swali.

Fundisho la kale la kanisa linaelekea upande mwingine. Mfano wa wanawali kumi na ule wa talanta, ambayo yote imo katika Mathayo 25 kabla ya picha ya kondoo na mbuzi, inamsifu mtu aliyekutwa ametia mafuta taani na aliyekutwa akifanya kazi aliyoachiwa. Paulo naye aliwakemea Wathesalonike waliokuwa wameacha kufanya kazi na kuishi bila utaratibu.

Kwa mkulima wa Bahati, Njoro au Molo, maana yake ni nyepesi kueleweka. Anayemngoja Bwana hupanda msimu ujapo, hulipa karo, humpeleka mgonjwa hospitalini na hupatana na jirani wa kabila jingine aliyegombana naye. Siku ile ikimkuta, imkute shambani.